Nataka kumpeleka mamangu Wundanyi na pikipiki, kaka zangu wanasema nitamuua

"Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Kisauni, nina Boxer 150 yangu naenda nayo kazini Changamwe huu mwaka wa tatu. Mamangu ana miaka 62. Alipokuwa msichana kabla hajaolewa alifundisha shule ya msingi huko Wundanyi, na tangu baba afariki mwaka jana neno lake ni moja tu, anataka aione tena ile milima. Gari hataki, anasema ndani ya matatu huoni kitu, anataka nimbebe mimi. Ana presha anameza dawa, na goti la kulia humuuma akipanda ngazi. Huvaa buibui, na kwenye boda hukaa upande siku zote na hajawahi kuanguka. Kaka zangu wawili wamekuja juu, wanasema mama wa miaka 62 kupanda pikipiki mpaka Taita ni wazimu na aibu, nikienda nitamuua. Mimi nilipanga tutoke alfajiri tufike mchana, tulale siku mbili turudi. Je ni hatari kweli? Na kama yawezekana, nimbebe vipi?"

Dada yangu, pole kwanza kwa msiba wa mzee. Nimesoma swali lako zaidi ya mara moja na naona nyote wanne, wewe, mama na kaka zako, mwabishana juu ya umri, na kwa maoni yangu umri sio penye shida. Mimi nafundisha watu pikipiki hapa Mombasa na abiria wanaonipa wasiwasi ni vijana wanaochezea simu kule nyuma, sio wamama wa miaka 60. Mama ambaye presha yake imetulia kwa dawa, anaweza kupanda mwenyewe bila kubebwa na akakaa nusu saa bila maumivu, huyo ni abiria kama abiria yeyote. Kilichonitia hofu kwenye maelezo yako ni mambo matatu uliyoyapitia haraka haraka: hukaa upande, huvaa buibui, na mtatoka alfajiri mfike mchana. Hayo ndio ya kuzungumza, na nitakaa sana kwenye hilo la kwanza na la pili sababu hapo ndipo watu wanaumia huku kwetu na hakuna anayewaambia.

Wasema hajawahi kuanguka akikaa upande. Ni kweli, sababu boda ya kutoka Kisauni mpaka Kongowea ni dakika chache, mwendo wa pole, na dereva akifunga breki inakuwa polepole kwa vile kuna msongamano. Barabara kuu ni mambo mengine. Pikipiki inakata kona kwa kulala, haikati kwa kugeuza usukani kama gari, na abiria akiwa katikati, mguu huku na mguu huku, analala nayo bila hata kufikiria. Aliyekaa upande uzito wake umeelekea upande mmoja tangu mwanzo, na pikipiki ikilala yeye mwili unamwambia nitaanguka, basi anajivuta upande wa pili, anainyanyua ile pikipiki wewe ukiwa katikati ya kona. Matokeo yake unatoka kwenye laini yako bila kutaka. Mjini utatoka kidogo urudi, lakini zile kona za kupanda Wundanyi kutoka Mwatate ukitoka laini unakutana uso kwa uso na matatu inayoteremka.

Breki ni mbaya zaidi. Ukifunga breki ghafla uzito wote unakwenda mbele. Aliyekaa sawa anakanyaga vile vyuma vya miguu pande zote mbili na magoti yake yanakushika wewe kiunoni, kwa hivyo anajizuia. Aliyekaa upande hana cha kukanyaga, mbele yake kuna bega lake tu, basi anazunguka, na kitu cha kwanza atakachokishika ni mkono wako, na mkono wako wakati huo ndio ulioshika usukani. Ukiwa kilomita 60 kwa saa unakwenda kama mita 17 kila sekunde, kwa hivyo ile sekunde moja ya wewe kushtuka mshavuka mita 17 kabla hata breki haijaanza kazi, hakuna nafasi tena ya kupigania usukani na mama. Na jambo ambalo wengi hawalijui, Sheria ya Trafiki ya Kenya yenyewe yataka abiria awe mmoja tu na akae mguu huku na mguu huku kwenye kiti cha sawasawa. Kukaa upande kumezoeleka tu, hakujaruhusiwa.

Sasa buibui. Naongea na wewe kama mtu aliyelelewa na mama mwenye buibui, kwa hivyo usinielewe vibaya, stara ya mama ni ya mama na hakuna anayemwambia aivue. Lakini kitambaa kile chepesi kikijaa upepo kinakuwa kama tanga la mashua, kinamvuta yeye nyuma na kinapepea karibu na gurudumu na cheni. Gurudumu la Boxer kwenye hiyo kilomita 60 linazunguka kama mara 9 kila sekunde. Kikishikwa hakichaniki, kinajiviringa, na kabla hujasikia kelele yake ameshavutwa chini. Leso na mtandio wenye ncha ndefu ni hatari zaidi sababu ziko shingoni. Wahindi walilijua hili zamani kwa ajili ya sari, sheria yao inalazimisha pikipiki iwe na kinga ya nguo ya abiria kwenye gurudumu la nyuma, ndio maana Boxer inakuja na kile chuma pembeni. Hebu nenda kaangalie kama yako bado iko nacho. Boda wengi huku huking'oa ili wafunge mizigo, na ukinunua pikipiki iliyotumika unaweza usijue kama kilikuwepo. Kama hakuna, mwambie fundi akufungie kingine, na kava ya cheni iwe nzima.

Nguo yenyewe inayofaa ni suruali pana ya kitambaa kizito ambayo chini imefungwa kwa lastiki, juu yake koti au kanzu nzito inayoishia magotini, yenye mpasuo ili aweze kupanua miguu bila kuivuta. Amesitirika kabisa. Buibui lake likunjwe kwenye begi alivae mkifika. Kichwani avae ile kofia ya ndani ya pamba inayobana, ncha zote ziingie ndani ya koti, na pini zote zitoke, nasisitiza hili, pini chini ya helmeti ukianguka inaingia kichwani. Kile kifundo cha nywele nyuma pia kishuke chini shingoni, sababu kinainyanyua helmeti ikae juu juu. Helmeti iwe yake, ya kufunika uso mzima, sio ile ya boda inayozunguka kama sufuria, na mkanda wa kidevuni upite vidole viwili tu. Viatu vya kufunga, sio ndara. Jaketi la kung'aa mvae wote wawili, hilo nalo ni la kisheria.

Tuje kwenye njia. Mombasa mpaka Voi ni kama kilomita 160, na kusema kweli hapo hakuna uzuri wa kumfanya mama ateseke. Ni Jomvu, Mazeras, mizani ya Mariakani, Samburu, Taru, Mackinnon Road, Maungu, na muda wote mko pamoja na matrela ya bandarini. Trela likija mbele yako kwa kasi linasukuma hewa, kwanza unasukumwa nje, halafu mkia wake ukipita hewa inakuvuta ndani, yote kwa sekunde moja. Ukiwa peke yako unalizoea, ukiwa na mtu nyuma upepo unashika miili miwili na yeye ndiye anashtuka. Watu wengi wanadhani dawa ni kujibanza pembeni kabisa ya lami, na hapo ndipo trela la nyuma linapoona nafasi ya kupita bila kupunguza mwendo, na ukingo wa lami sehemu zengine umemeguka, ukishuka pale ukijaribu kupanda tena unaanguka. Kaa ndani ya laini yako pale wanapopita matairi ya gari, uonekane, na ukitaka kumpisha mtu mpishe mahali palipo na nafasi.

Na hiyo alfajiri yako ina tatizo ambalo hulioni sababu liko mgongoni mwako. Mkitoka asubuhi mnaelekea bara, jua liko nyuma yenu, kwa hivyo nyinyi mnaona vizuri, lakini dereva anayekuja Mombasa jua limempiga machoni na anayetaka kuovateki trela hawaoni nyinyi kabisa. Taa ya mbele iwashwe hata mchana.

Kwa hivyo ningekuwa mimi ningefanya hivi. Wewe nenda na pikipiki peke yako mpaka Voi, na mama apande treni pale Miritini, ile ya Madaraka Express inayosimama vituoni, inapita Mariakani na Miasenyi kisha Voi, na kule Tsavo reli iko juu, akikaa dirishani na bahati ikiwepo ataona ndovu. Kaka yako mmoja ampeleke. Sio tu kwa ajili ya kumaliza ugomvi nyumbani, ingawa utasaidia, ni kwamba mizigo itakwenda na yeye, na akifika Voi anaweza kuja nyuma yenu na matatu ya Wundanyi, mama akichoka kuna mahali pa kumhamishia. Mlale Voi. Asubuhi yake jua likishapanda ndio umbebe mama, kama kilomita 40 tu kupitia Mwatate, na hizo 40 ndizo alizozililia: mashamba ya mkonge, halafu barabara inaanza kupanda kwa kujikunja, miamba mikubwa juu, mashamba ya mboga ya ngazi ngazi, hizo hizo sukuma na kabeji tunazozinunua Kongowea. Mkifika, Ngangao si mbali, ule msitu wa asili wenye ndege wasiopatikana popote pengine duniani isipokuwa Taita, na Vuria, mlima wenyewe mrefu wa Taita, ni mita 2,208.

Yawezekana kumbeba kutoka Mombasa moja kwa moja? Yawezekana, kama mama atakataa treni kabisa. Lakini basi iwe siku mbili, usiku wa kwanza Voi, na musimame kila nusu saa au dakika 40. Mackinnon Road simameni pale msikitini penye kaburi la Sayyid Baghali Shah, wasafiri wengi wa Mombasa husimama pale, mama atapata maji, kivuli na mahali pa kuswali. Sikupendekezei ila nakwambia ukweli kwamba sio muujiza, ni uchovu mwingi kwa kitu kidogo. Kile nisichokubali ni kilomita 200 siku moja na mtu ambaye hajawahi kukaa nyuma yako zaidi ya robo saa. Na jua lisiwazamie kati ya Maungu na Voi wala kati ya Voi na Mwatate, hapo ni njia za ndovu, usiku taa ya Boxer inamuonyesha ndovu ukiwa ushamfikia. Ukimwona mchana simama mbali, usipige honi, usipite katikati ya mama na mtoto, ngojea.

Pikipiki yenyewe. Uzito wa mama unakaa nyuma, kwa hivyo shoki za nyuma zinashuka, mbele kunakuwa kwepesi na taa inatazama juu machoni mwa watu. Ongeza upepo wa tairi la nyuma mpaka kiwango cha watu wawili, kimeandikwa kwenye kitabu au stika. Cheni ipimwe mama akiwa amekaa, sababu cheni iliyokaa sawa pikipiki ikiwa tupu inaweza kukaza sana ikibeba. Na usiogope breki ya mbele. Kuna imani kwamba breki ya mbele inamwaga mtu, ukiikamata ghafla kona ikiwa na mchanga ndio, lakini ukiiminya taratibu huku unaongeza nguvu ndiyo inayosimamisha pikipiki hasa, ya nyuma inasaidia tu.

Kupanda Wundanyi injini itachoka, ya kabureta hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko na Wundanyi iko juu ya mita 1,300, basi shusha gia mapema kabla haijaanza kukohoa. Kuteremka ndio kwenye kazi. Vijana wengi huzima injini au huweka nyutro ili waokoe mafuta, tafadhali usifanye hivo na mamako nyuma. Ikiwa kwenye gia ya pili na umeachilia mafuta, injini yenyewe inavuta nyuma na kushikilia mwendo. Ukiweka nyutro kazi yote unaiachia breki, na Boxer nyingi breki zake ni za dramu, zile viatu zinafungwa ndani ya chuma, joto halitoki haraka, ukizikanyaga mfululizo kilomita kadhaa zinapata moto na hazishiki tena hata ukanyage vipi. Kanyaga, achilia, kanyaga, achilia, na gia iwe ndogo. Ukisikia harufu ya kuungua simama zipoe.

Mama na afya yake: hapo mimi sio daktari na wewe pia sio, kwa hivyo wiki mbili kabla ya safari mpeleke kwa daktari wake na umwambie wazi kwamba ni pikipiki, usiseme tu safari. Muulize presha iko wapi, dawa zake ni zipi, na kama moja ni ya kukojoza. Kama ni hiyo usimwache aruke dawa wala aache kunywa maji kwa kuogopa choo, wamama wengi hufanya hivo safarini, matokeo yake maji yanapungua na jua la Taru, akisimama kizunguzungu. Panga vituo vya petroli vyenye choo. Kama huwa anapata kizunguzungu au amewahi kuzirai, au anasinzia kwa dawa, asipande mpaka daktari aseme. Goti la kulia lina afadhali yake: pikipiki hupandwa kutoka kushoto, mguu wa kushoto ndio unakanyaga na kubeba uzito, wa kulia unapita juu tu. Wewe uwe umekaa, miguu chini, breki umezishika, ndipo apande, na asipande bila wewe kumwambia. Toa lile sanduku la nyuma kama lipo sababu litamlazimisha anyanyue goti juu sana, na akipandia kwenye ukingo wa veranda ni rahisi zaidi. Akishindwa kupitisha mguu mwenyewe, basi hapo jibu ni hapana, na usimbebe mkamkalisha, manake atakayeshindwa kupanda atashindwa pia kushuka haraka mkihitaji. Begi asivae mgongoni.

Njiani kifua kikimbana, maneno yakimvurugika, mkono au uso ukilegea upande mmoja, au kichwa kikamuuma ghafla kwa nguvu, msimalizie safari na msimbebe na pikipiki, tafuteni gari. Voi kuna hospitali ya Moi, na ukishafika juu iko Wesu karibu na Wundanyi.

Kabla ya yote hayo mjaribu. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa uani, mama akae nyuma yako dakika 20 na nguo hizo hizo, helmeti na kila kitu, mkubaliane ishara, kukugonga mara moja punguza, mara mbili simama. Akushike kiunoni, sio mabegani. Kona akutazame bega la upande mnaokata, basi, asifanye kitu kingine. Halafu Jumapili asubuhi vukeni Likoni mwende Kwale kupitia Kombani, kuna kilima cha kutosha na magari sio mengi, mnywe chai mrudi. Usiku huo muulize goti na mgongo. Kama amelala vizuri na kesho yake anauliza lini Wundanyi, mko tayari. Kama goti limevimba, au wewe mwenyewe ulihisi pikipiki inakushinda ukiwa na yeye, mtafute mwalimu yeyote wa pikipiki awatazame saa moja uwanjani mkiwa wawili, hayo makosa hayaonekani kwenye maandishi.

Msimu, Januari na Februari ndio kukavu na milima yaonekana. Julai na Agosti kule juu kuna ukungu na baridi, mnaweza kwenda lakini muwe na jaketi na muteremke ukungu ukishaondoka. Masika musiguse. Kurudi ni hivo hivo, uteremke naye mpaka Voi, yeye na kaka yako wapande treni, na tikiti zao mzikate kabla hamjaondoka Mombasa sababu wikendi hujaa.